Goti Nililomsingizia Mama

Jumapili, 2 Machi

Nimeumia. Goti la kushoto. Naandika chali, mguu juu ya mito, kitambaa cha barafu kikinidondokea mpaka kisiginoni. Limevimba kama tikiti. Halikunjuki, halikunjiki. Limegoma katikati.

Iandikwe vizuri, maana mtaa huu una tabia ya kusahau mashujaa wake.

Mama yangu miguu ilimtupa mkono zamani kidogo. Tunakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Kila alasiri nafunga kibanda changu cha kinyozi, namweka Mama mgongoni, namshusha ngazi zote. Anakaa mlangoni na wenzake, wanasema watu mpaka jua linainama, kisha nampandisha. Kazi hiyo ni yangu. Mtaa mzima unajua. Shemeji, mume wa mdogo wangu, fundi wa makochi hapo chini, ameitamani tangu siku alipoingia kwenye ukoo. Mara tupokezane. Mara atatengeneza kiti chenye mishikio, tumbebe Mama watu wawili. Nilimjibu kwamba Mama si kabati.

Leo nimempandisha salama. Nimemketisha kwenye kiti chake cha dirishani, nikashuka kufuata kigoda alichokisahau. Chini ya ngazi, katikati ya njia: kopo. Tupu, la maziwa ya unga, limesimama wima kama linaniita jina. Ng'ambo ya barabara: pipa la taka. Mlangoni pa karakana yake: Shemeji, ameinamia kochi, sindano mdomoni. Juzijuzi bwana huyu alirusha furushi la vitambaa ndani ya pipa lile bila hata kugeuza uso, na akina mama wakampigia makofi. Makofi! Kwa takataka!

Nikarudi nyuma. Nikasimamia mguu wa kushoto. Nikapiga kwa wa kulia.

Kopo liliingia. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna aliyeona. Bati liligonga bati, nimelisikia kwa masikio yangu! Nikageuka kushangilia. Mwili uligeuka, unyayo ukabaki pale pale, na goti likatoa mlio kama kijiti kinachovunjwa ndani ya blanketi.

Watu wakaja mbio. Shemeji wa kwanza, sindano bado mdomoni. Wakauliza imekuwaje. Ulimi ukanitangulia: nikasema ni kumbeba Mama. Goti liliachia kwenye kona ya ngazi, nikajikaza mpaka nikamfikisha, nikaja kuanguka huku chini peke yangu.

Mzee mmoja akavua kofia.

Jamani, utamu ule! Maumivu yalipungua nusu.

Jumatatu, 3 Machi

Hospitali. Picha ya mionzi: mfupa mzima. Nilimwambia daktari hilo nalijua, mifupa ya ukoo wetu ni chuma. Daktari ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya chini, hacheki ovyo. Alibonyeza mara moja. Nilipiga kelele, lakini ya heshima.

Akasema goti limejaa damu na kuna kitu kimekwama ndani kinachozuia lisinyooke. Kwa maumivu haya hawezi kulipima kwa mikono. Anataka kuchungulia. Kuna kamera nyembamba kama kalamu, inapita kwenye tundu dogo. Ataiosha damu, ataangalia, na kilichochanika atakishughulikia papo hapo. Njia ni mbili. Nusu kaputi: nilale fofofo, ila nisubiri zamu na nilazwe wodini. Au sindano za ganzi kwenye goti tu: niwe macho, nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikafikirie, nimpigie.

Mimi nilitaka nusu kaputi. Si woga. Usingizi ni kitu kizuri tu.

Kurudi, aibu. Shemeji alinibeba mgongoni mpaka ghorofa ya tatu. Anapumua vizuri kupita kiasi. Nilimwambia anainama vibaya.

Alasiri akaenda kwa Mama, akachutama, akasema panda, mama, leo ni zamu yangu. Mama akakataa. Akasema amekwisha mvunja mwanawe goti, hawezi kumvunja na mume wa bintiye. Atakaa juu. Shemeji akabembeleza. Mdogo wangu akabembeleza. Wapi.

Mimi niko chumba cha pili, natabasamu mpaka masikioni. Hata nikiwa kitandani, kazi ni yangu!

Jumanne, 4 Machi

Wateja wamekuja kunipa pole. Wa mwisho Mwenye Para, mteja wangu wa kudumu, ambaye huja kwa mazungumzo maana nywele hana. Akaniambia jambo lililonitoa jasho. Binamu yake alipigwa nusu kaputi afanyiwe upasuaji wa ngiri. Kabla hajazama akaanza kubwabwaja. Alitaja kila kitu. Nyumba ndogo, mtaa ilipo, mpaka rangi ya mlango. Na mkewe alikuwa bado kamshika mkono.

Nikawaza. Wanaonisindikiza ni mdogo wangu na Shemeji. Je, nikibwabwaja kopo?

Nimepiga simu hospitali. Ganzi! Nesi akauliza kama nina hakika, maana wengine hawawezi kutulia, na wao ni afadhali walale. Nikamwambia mimi ni kinyozi, kutulia ndiko ninakowafundisha watu. Kisha nikawatangazia wageni kwamba mimi kisu nakiangalia usoni. Mwenye Para alitokwa na machozi. Mpango mtamu: siri salama, sifa juu. Sijui kwa nini sikuwa waziri.

Mama hakushuka. Wenzake walimpungia mikono kutoka chini. Akawapungia, akabaki dirishani anatazama barabara.

Jumatano, 5 Machi

Mama amekula vijiko vichache, akasukuma bakuli. Mdogo wangu anasema uso wake umefifia. Nilijikokota mpaka chumbani kwake nikaona mwenyewe. Mama bila mlango ule ni redio iliyochomolewa.

Tabasamu langu la juzi limeniishia.

Basi nikatunga. Nilimwambia Mama kwamba daktari ameagiza nyumba nzima ya mgonjwa ipate jua, la sivyo goti litachelewa kupona. Akanitazama kirefu. Akauliza goti langu litajuaje yeye yuko wapi. Nikasema sayansi imeendelea. Akasema basi iendelee tu, yeye amechoka.

Kisha akaniuliza, taratibu sana: hivi, mwanangu, liliachia kwenye ngazi ipi? Nikasema ile ya kona, Mama. Nilijikaza kwa ajili yako.

Akasema asante. Akageukia dirisha.

Asante ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimekunywa maji. Haujashuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Mzima. Naandika kabla habari haijapoa.

Chumba kidogo, kimekatwa na ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa pili ni benchi la wanaosubiri. Mdogo wangu na Shemeji wamekaa hapo. Sikuutilia maanani ule ukuta. Laiti ningeutilia!

Nesi akaninyoa goti. Mimi! Kinyozi! Na mashine yenye meno butu, anapita kinyume cha vinyweleo. Nikaanza kumwelekeza. Akaniambia, "Baba, leo mteja ni wewe. Tulia." Maneno yale yale ninayowaambia watu, kwa sauti ile ile. Nilijiona mdogo.

Daktari akasema nikitaka aache, wakati wowote niseme, ataacha. Na nikiumwa nisijikaze. Nikamwambia kujikaza nimezaliwa nako. Akasema hapa hakuna anayehitaji kujikaza kwako.

Sindano za kwanza zilichoma kama siafu. Ya ndani haikuchoma, ilisukuma, kama mtu anajaza upepo kwenye mpira. Tukasubiri. Nikapiga hadithi. Nesi akauliza kama nasikia chochote. Nikasema mnianzie basi, mnangoja nini. Kumbe wamekwisha anza. Hapo nikazidisha kuongea, maana kuona watu wanaushughulikia mguu wako nawe huna habari nao ni jambo zito.

Skrini iko mbele yangu. Mwanzoni wekundu mtupu. Maji yakaingia, wekundu ukasombwa kidogo kidogo, kukapambazuka mle ndani.

Weupe. Laini, unang'aa kama kikombe kilichosuuzwa. Nikanyamaza. Nesi akauliza kama naumwa. Nilikuwa siumwi. Nilikuwa nawaza: kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinampandisha Mama. Siku zote nimejisifia mabega, na kazi inafanywa na kitu hiki cheupe, gizani, hakuna wa kukipigia makofi. Macho yakanijaa. Nikasema ni zile dawa.

Daktari akanionyesha. Kati ya mifupa kuna kijimto, na kijimto changu kimechanika. Kipande kinapepea kwenye maji kama pazia, ncha yake imejikunja pale pale panapozuia goti. Alipokigusa kwa mbali niliguna. Akasimama hapo hapo. Akaongeza ganzi. Akangoja mpaka nikamwambia endelea. Sijawahi kumngoja mteja namna ile.

Kisha, macho yake hayatoki kwenye skrini, akauliza. Akasema Jumatatu nilimwambia nimeumia nikimbeba Mama. Lakini mchaniko wa namna hii, mara nyingi anauona unyayo unapokwama chini na mwili ukageuka. Nimweleze ilivyokuwa hasa, ajue pengine pa kuangalia.

Nilikuwa macho. Hakuna aliyenilaza. Ulimi wangu ulikuwa chini ya ulinzi wangu mwenyewe, kama nilivyopanga.

Nikasema vyote.

Tena sikunong'ona! Goli halinong'onwi. Nilieleza kopo lilivyosimama. Nilieleza Shemeji alivyoinama na kochi lake. Nilieleza teke, bati kugonga bati, na namna nilivyogeuka kushangilia. Barakoa ya nesi ilitikisika. Mkono wa daktari haukutikisika. Akasema sawa, asante, akapitisha kamera upande mwingine, akaangalia kano, akasema ni nzima. Akakikata kile kipande, akakitoa, akanionyesha kwenye kisahani. Kidogo kama ukucha. Yaani hicho!

Na nyuma ya ukuta wa mbao, mtu akakohoa.

Nakijua kikohozi kile. Kina sindano mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi

Goti linanyooka! Si lote, lakini linanyooka. Nimepewa magongo, mazoezi ya kukaza paja, na picha ya ndani ya goti langu. Pia nimeambiwa nisipige teke kitu chochote. Daktari alilirudia neno chochote.

Shemeji amekuja. Akafunga mlango, akasimama. Nikamwahi: nikasema kuta za hospitali siku hizi ni ovyo. Akasema, "Ukuta haukuwa na neno, shemeji. Sauti yako ndiyo." Nikangoja masharti. Mimi ningekuwa na masharti mpaka mwakani. Yeye hakuwa nayo. Alisema hatamwambia Mama, kwa kuwa si lake la kusema. Lakini Mama hajagusa jua tangu Jumapili, na jana usiku alimwambia mdogo wangu kwamba dirisha linamtosha mtu wa umri wake.

Maneno hayo. Dirisha linamtosha.

Amemaliza kile kiti chenye mishikio. Kakishona ngozi laini, kaweka na mkanda wa kumshika Mama kiunoni. Kiko mlangoni mwa chumba cha Mama tangu asubuhi. Mama amekitazama, amekisifu mshono, amekataa kukikalia.

Shemeji alipokuwa anatoka aligeuka, akauliza chini chini: liliingia kweli? Nikamwambia liliingia. Akatikisa kichwa kwa heshima. Si mtu mbaya sana.

Jumamosi, 8 Machi

Niliandaa hotuba. Nzuri, ndefu, yenye sehemu ya sayansi. Nikachukua magongo na picha, nikaenda dirishani kwake.

Nikampa picha kwanza. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu. Akauliza huyu ndiye wewe? Nikasema ni mimi, kwa ndani. Akasema kuko safi. Alidhani ndani yangu kumevurugika zaidi.

Akapitisha kidole juu ya ule weupe. Polepole, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukinunua. Akasema, "Kumbe hiki ndicho nilichokivunja."

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Yote! Nilibaki nimeshika magongo kama mtu aliyetumwa dukani akasahau ameagizwa nini.

Nikasema, Mama, si wewe. Ni kopo.

Nikamweleza. Pipa, Shemeji, makofi ya vitambaa. Kugeuka kwangu. Mzee aliyevua kofia, na jinsi nilivyoona utamu. Hata lile tabasamu la chumba cha pili nikalisema. Nilipofika mwisho hakukubaki kitu chochote mkononi, na mimi sijazoea kutoka patupu, nikaongeza: lakini liliingia.

Mama akasema, "Halikuingia."

Akaelekeza kidole dirishani. Nikatazama. Barabara yote iko pale chini, imetandazwa kama sahani mezani. Njia, mlango wa karakana, pipa. Liligonga ukingo, akasema, likadondoka, likabingirika mpaka chini ya mkokoteni. Wewe ulikuwa umekwisha geuka, unashangilia.

Alikuwa amekaa pale pale. Kiti nilimwekea mwenyewe.

Jumapili alicheka, akasema, alicheka mpaka akashika mbavu. Jumatatu akasema vile kwamba amemvunja mwanawe goti, akijua nitapiga kelele kutoka chumba cha pili kwamba si kweli. Akangoja. Akasikia kimya. Hapo kicheko kikamwishia. Akataka kujua nitamwacha juu huku mpaka lini, ili mimi nibaki na sifa yangu.

"Ningekaa mpaka useme," akasema. "Na kama ningekufa hapa kitini, ungewaambia nini watu?"

Nilikaa chini sakafuni, mguu umenyooka mbele kama mti, nikaweka kichwa magotini kwake, kwenye magoti yale yasiyofanya kazi. Kisha akanishika kichwani, akasema nywele zako zimechakaa, kinyozi gani wewe.

Mwiba ukashuka.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameshuka!

Ndani ya kiti cha Shemeji. Shemeji mbele, mdogo wangu nyuma, Mama katikati amejifunga mkanda, ameinua kidevu kama anakwenda kuapishwa. Mimi nilishuka nyuma yao kwa makalio, ngazi moja moja, natoa maelekezo. Hawakuyafuata. Wakafika salama hivyo hivyo, kwa bahati.

Wenzake walimpokea kwa vigelegele. Alasiri nzima kawasimulia kopo. Na kasimulia vizuri, sikatai, kipaji kimetoka mahali. Kila aliyepita akasimuliwa upya, kuanzia maziwa ya unga. Ndiyo adhabu yangu, alisema, na nisimkatize.

Yule mzee aliyevua kofia alisikiliza mpaka mwisho. Akaivaa tena. Akaishindilia mpaka masikioni, akanitazama, akaondoka.

Uso wa Mama umerudiwa na rangi. Alikula bakuli lote. Nimeapa. Naandika hapa na tarehe ipo juu: sisemi uongo tena, sishindani na Shemeji tena, na kopo kwangu ni kopo tu.

Jumanne, 18 Machi

Daktari ameliangalia goti. Uvimbe umeisha, linanyooka lote. Natembea bila magongo ndani ya nyumba. Nje niwe nayo bado kidogo. Kumbeba mtu, hapana, hataki hata kusikia. Nikasema kiti kipo.

Nilimwomba anieleze mara ya mwisho, kitaalamu, kosa lilikuwa wapi. Mteja akitaka kujua, aelezwe. Akachukua goti la plastiki, akalikunja, akalizungusha. Akasema watu hudhani linaumia goti linalopiga. Mara nyingi sivyo. Linaumia lililosimama: unyayo umekaza chini, mwili unageuka, kijimto kinabanwa. Akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa, tena hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo. Alifurahi. Kacheka, kwa mara ya kwanza.

Nimerudi alasiri. Mama yuko mlangoni kwenye kiti chake na wenzake. Shemeji ameinamia kochi, sindano mdomoni. Juzi karusha furushi jingine la vitambaa, likaingia, na sikusema kitu. Niliapa, si niliapa?

Chini ya ngazi kulikuwa na kopo. La rangi, dogo, zito kidogo kuliko lile. Nimelipandisha juu, nimelisuuza, liko chini ya kitanda.

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu aliyekwenda kwa mtaalamu. Teke halikuwa na kosa. Daktari mwenyewe hakulitaja teke. Kosa lilikuwa mguu wa kusimamia.

Kesho nasimamia wa kulia. Nimemwomba Mama akae aelekee pipa.